Fedha halisi au ya kupakwa? Namna ya kusoma mihuri ya vijiko na uma za zamani

Hapa Lubumbashi, makabati mengi bado yana vijiko na uma za wakati mji ulipoitwa Élisabethville. Wanunuzi wa chuma chakavu huvitaka kwa kilo. Mama, papa, usikubali bei yoyote kabla ya kusoma mihuri yake, yaani alama ndogo zilizogongwa kwenye metali.

Hatua ya 1: Osha
Maji ya vuguvugu, sabuni, kitambaa laini. Basi. Majivu na dawa ya meno hula muhuri, na jina la fundi likifutika halirudi.

Hatua ya 2: Tazama umbo kabla ya herufi
Shika lenzi ya sonara inayokuza mara 10, umulike kwa taa ya simu kutoka ubavuni. Herufi zikikataa kusomeka, pitisha muhuri juu ya moshi wa mshumaa kidogo tu, bandika skochi, kisha uihamishie kwenye karatasi nyeupe. Muhuri utatokea wote.

Wengi hukimbilia herufi, lakini mstari unaozizunguka ndio unaosema zaidi. Kwa kazi za Ufaransa, muhuri wa fundi wa fedha halisi una umbo la karo ya karata. Wa chombo cha kupakwa (fedha nyembamba juu ya metali nyingine) ni mraba. Kichwa cha Minerva (mungu wa kike wa Kirumi), kilichoanza 1838, ni cha fedha halisi: chenye namba 1 ni sehemu 950 za fedha safi kwa elfu, chenye namba 2 ni 800.

Ubelgiji ni kugumu zaidi. Tangu 1869 ukaguzi wa serikali haukuwa wa lazima, kwa hiyo chombo kizuri kinaweza kuwa na 800 na alama ya fundi tu. Nyota tatu zilizopangwa pembetatu ni za Wolfers Frères, mafundi fedha wa Brussels: ukiziona, weka kando, usiuze kwa kilo. Alama A835 (fedha 835 kwa elfu) ni ya kuanzia 1942.

Hatua ya 3: Usidanganywe na 84, 90 au 100
Kwenye vyombo vya kupakwa vya Ulaya Magharibi, hizo ni gramu za fedha zilizotandazwa juu ya vijiko 12 na uma 12. 90 si 900! Christofle ya Paris, iliyopaka kwa umeme tangu miaka ya 1840, ni kazi nzuri sana, ila iuzwe kwa jina lake, si kwa uzito.

Hatua ya 4: Geuza
Mgongo wa kijiko na ncha za uma huchakaa kwanza. Pakionekana rangi ya shaba, au unjano-kijivu wa alpaka (shaba, nikeli na zinki), ni ya kupakwa. Sumaku haiamui: haivuti fedha wala alpaka.

Hatua ya 5: Pima majini
Pima kijiko kikavu. Weka jagi la maji kwenye mizani ya sonara, irudishe sifuri, kisha ning'iniza kijiko kwa uzi kizame chote bila kugusa chini. Gawanya uzito mkavu kwa namba inayosomeka. Kijiko cha gramu 70 cha fedha ya 800 kitaonyesha karibu 6.9, na ukigawanya utapata 10.1; cha alpaka karibu 8, na ukigawanya utapata karibu 8.7.

Visu usivipime hivi: mipini mingi imejazwa utomvu ndani, na bapa ni chuma cha pua.