Kadi ya sauti ya nje: pima kwanza ndipo ununue

Kabla hujatoa pesa kununua kadi ya sauti ya nje, yaani kifaa cha sauti kinachochomekwa kwenye USB, hakikisha kama sauti ya ndani ya kompyuta yako ina kasoro kweli. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina. Ikiwapo, mara nyingi ni kelele, na kelele haihitaji mtaalamu kuitambua.

Chomeka hedifoni, usicheze kitu chochote, kisha ongeza sauti hadi mwisho. Sogeza kipanya, nakili faili kubwa. Ukisikia mluzi au mkwaruzo unaobadilika kadiri kompyuta inavyofanya kazi, umeme wa ndani unapenya kwenye saketi ya sauti. Hapo kadi ya USB, hata ile ndogo ya bei nafuu, kwa kawaida inasaidia. Punguza sauti kabla ya kuwasha muziki, usije ukaumiza masikio.

Mvumo mzito unaotokea pale tu unapounganisha spika za umeme au mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ni shida nyingine kabisa. Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikatika, umepata duara la ethi: chaja na spika zote zimefika kwenye ethi ya nyumba, na waya wa sauti unafunga duara ambalo mkondo wa hezi 50, yaani wa umeme wa nyumbani, unazunguka humo. Wengi hukimbilia kadi ya USB na mvumo unabaki palepale, kwa kuwa waya wa USB nao unabeba ethi ileile. Anza kwa kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Isipotosha, weka kitenganishi cha transfoma kwenye waya wa sauti, au tumia kadi na spika zenye matundu ya balansi, yaani yanayopitisha sauti kwa nyaya mbili ili kelele ifutike. Pini ya ethi usiikate kamwe. Ndiyo inayokukinga na shoti.

Kama hakuna kelele na bado unaona kadi ya nje inapiga vizuri zaidi, zilinganishe kwa haki. Zima madoido yote kwenye mipangilio ya sauti. Kisha sawazisha ukubwa wa sauti, maana tofauti ya desibeli 1 tu inatosha kufanya kifaa kimoja kionekane bora. Tengeneza toni ya hezi 100 kwa programu ya Audacity, pima volti za AC kwa multimita (kipima umeme) hedifoni zikiwa zimechomekwa, na urekebishe mpaka tofauti isizidi asilimia 1, mathalani 0.300 na 0.303. Mtu mwingine arushe sarafu na kubadilisha vifaa bila wewe kuona, mara 16. Ukitambua sawasawa mara 12 au zaidi, kuna kitu unachokisikia. Chini ya hapo, huna sababu ya kununua.

Hedifoni zenyewe zinaweza kubadili hesabu. Za omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kama Sennheiser HD 600, hudai volti ambazo laptopu nyingi hazitoi, hivyo zitafutie amplifaya. Za kuingiza sikioni za omu 16 zinataka tundu lenye ukinzani usiozidi omu 2, la sivyo besi na sauti za juu zinaweza kupoteza uwiano wake.

Kwa kurekodi, hatusiti: nunua kadi ya nje. Maiki ya kondensa ya studio inahitaji plagi ya XLR (ya pini tatu) na umeme wa volti 48, na tundu la laptopu halina vyote viwili. Weka geini (kiwango cha kukuza sauti ya maiki) ili kilele cha sauti kifike karibu desibeli −12 kwenye programu ya kurekodi, ambako 0 ndiyo mwisho. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi vizuri kwa programu yoyote.