Shule zinakaribia kufunguliwa: anza na mtoto, kisha begi

Wazazi wenzangu, shule zikikaribia kufunguliwa, kitu cha kwanza tunachoshika ni orodha ya vifaa. Madaftari, kalamu, viatu, sare, begi. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza na pia ni mama, na nawaomba safari hii orodha hiyo muiweke kando kidogo. Mtoto akija siku ya kwanza bila rula, nitamwazima. Akija hajalala vya kutosha, au hajui kufungua chupa yake ya maji, hapo sina cha kumwazima. Kila mwaka nampata mtoto wa namna hiyo: saa ya mapumziko imefika, wenzake wanakunywa, yeye ameikumbatia chupa mpya ambayo kifuniko chake lazima ukibonyeze ndipo ukizungushe, na anaona haya kuniambia. Chupa ni nzuri, na mtoto ana kiu.

Kwa hiyo wiki mbili au tatu kabla, shughulika na mtoto mwenyewe. Vitu vitafuata.

Usingizi

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Sasa piga hesabu kwa kurudi nyuma. Kama ataamka saa 12 asubuhi na anahitaji saa 10, basi ikifika saa 2 usiku awe amekwisha kulala, si ndiyo kwanza anatafutiwa nguo za kulalia. Kama likizo imemzoesha kulala saa 4, pana tofauti ya saa mbili, na mwili haukubali kurukishwa saa mbili kwa usiku mmoja. Sogeza dakika 15, mwache siku mbili azoee, kisha sogeza nyingine 15. Hatua 8 za namna hiyo ni siku 16.

Anzia asubuhi. Mtoto asiye na usingizi humlazimishi kulala, ila kumwamsha unaweza. Mwamshe mapema kidogo kuliko jana, mtoe nje akutane na mwanga wa mchana, na kama umri wa kulala mchana umempita, usimwache afidie. Usiku atasinzia mwenyewe. Simu na televisheni zizimwe angalau saa nzima kabla ya kulala, kwa sababu mwanga wake huchelewesha mwili kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi. Na iwe sheria ya nyumba nzima. Mtoto hawezi kulala chumba cha pili huku anawasikia mnacheka na filamu.

Mikono yake na ulimi wake

Mwekee mbele vitu vyote atakavyobeba, kisha kaa mbali umtazame. Afungue chupa na kuifunga bila kuvuja. Afungue chombo cha chakula. Afunge zipu ya begi, avae viatu na kuvifunga, afungue vifungo na mkanda wa suruali, aende chooni, ajisafishe, anawe mikono, avae tena. Chochote kinachomshinda nyumbani penye utulivu kitamshinda zaidi shuleni, kengele inalia na wenzake wanamsukuma. Kisipowezekana hata baada ya mazoezi, badilisha kitu, usimlaumu mtoto. Kiatu cha kubandika kinafaa kabisa mpaka atakapojua kufunga kamba, na suruali ya mpira kiunoni humwokoa mdogo ambaye haja humjia ghafla.

Halafu kuna maneno. Watoto wengi hujikojolea darasani ilhali wanajua kujizuia. Wanachokosa ni namna ya kuomba ruhusa. Fanyeni igizo: wewe uwe mwalimu, yeye anyooshe mkono aseme, “Mwalimu, naomba kwenda chooni.” “Mwalimu, sijaelewa.” “Mwalimu, naumwa tumbo.” Rudieni mpaka sauti isikike upande wa pili wa chumba. Ajue pia majina yake kamili, majina kamili ya mzazi na namba ya simu. “Mama” si jina ninaloweza kulipigia simu. Namba ifanyeni wimbo. Watoto hushika haraka kinachoimbika.

Na kitu kimoja nakiomba kwa moyo wote: likizo hii msimtishie mtoto kwa shule. “Subiri ufungue, mwalimu atakunyoosha.” Maneno hayo mtoto huja nayo hadi mlangoni kwangu, nami hutumia wiki nzima kuyafuta kabla hajanitazama usoni.

Begi la zamani

Sasa tuje kwenye vitu. Kabla ya kununua chochote, chukua begi la mwaka uliopita ulimwage lote sakafuni, mtoto akiwepo. Rula ni nzima? Irudi. Bikari imelegea? Ikaze skrubu yake. Madaftari yaliyobaki na kurasa tupu yafungue katikati, nyanyua miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu, toa karatasi safi, zipange pamoja na uzishone: umepata daftari la mazoezi ya nyumbani. Kinachobaki kwenye orodha ndicho cha kununua. Usinunue vyote siku moja. Weka akiba kidogo kwa ajili ya wiki ya kwanza, kwa sababu kila mwalimu ana mahitaji yake, mwingine anataka mistari mipana, mwingine anataka daftari la miraba kwa hisabati, na ukishanunua rundo la aina isiyotakiwa hulirudishi.

Begi lenyewe lipimwe kwa mwili wa mtoto. Ushauri unaotolewa sana ni kwamba likijaa lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 25, basi, abebe kilo mbili na nusu, na isipite kilo tatu na robo tatu. Lita moja ya maji ni kilo nzima, kwa hiyo kama shuleni kuna maji salama, mpe chupa ndogo ajaze hukohuko. Begi liwe na mikanda miwili mipana, na avae yote miwili. Kitabu kizito kikae upande unaogusa mgongo, vyepesi vikae nje. Kitako cha begi kisining’inie chini sana ya kiuno; likimpiga makalio anapotembea, kaza mikanda. Mtazame kwa pembeni akiwa amelibeba: akiinama mbele, ni zito.

Penseli ni kitu kidogo ambacho huvuruga somo zima. Kabla ya kununua, tazama kitako cha penseli. Risasi ile nyeusi ikae katikati kabisa ya mti. Ikiwa imeegemea upande mmoja, kichongeo kitakula mti upande huo na kuuacha upande wa pili, na ncha itavunjika kila ikichongwa. Kwa kuandika, HB inatosha. Mtoto anayeanza, ambaye mkono wake bado ni mwepesi na maandishi hayaonekani, mpe 2B. Ni laini na nyeusi zaidi. Anayekandamiza mpaka karatasi inatoboka abaki na HB. Mfundishe kuchonga polepole na asiiangushe, maana ikianguka risasi hukatika ndani kwa ndani, nawe utadhani kichongeo ni kibovu. Kifutio kiwe cha kawaida, cheupe na laini. Vile vya mapambo na manukato mara nyingi hupaka weusi badala ya kufuta, na mtoto huishia kuvinusa na kuvitafuna.

Binti yangu hutumia mkono wa kushoto. Kama wako naye ni hivyo, tafuta mkasi wa mkono wa kushoto, kwa sababu mkasi wa kawaida ukishikwa kwa mkono huo, wembe wa juu humfichia mstari anaoukata, na kazi yake huonekana ya ovyo ilhali mkono ni mzuri. Mwambie mwalimu pia amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani.

Majina na majalada

Andika jina kwenye kila kitu kinachoweza kutoka mikononi mwake. Kwa penseli kuna njia ninayoipenda: kwa wembe, na kazi hii ni ya mtu mzima, kwangua rangi kidogo upande wa kitako mpaka mti uonekane, urefu wa kucha mbili, kisha andika jina hapo kwa kalamu ya wino usiofutika. Nguo ziandikwe kwenye ukosi kwa ndani, viatu chini ya ulimi. Lakini usiandike jina kubwa nje ya begi wala juu ya kofia. Mtu asiyemjua akimwita kwa jina lake, mtoto mdogo humwona kama mtu wa nyumbani.

Majalada huchukua jioni nzima, na ni jioni nzuri mkikaa pamoja. Laza karatasi ngumu mezani, weka daftari juu yake, acha upana wa vidole vitatu kila upande. Pima daftari likiwa limefungwa. Ukipima likiwa wazi, jalada litabana, na siku ya kwanza likifungwa litachanika mgongoni. Palipo mgongo, juu na chini, ipasue karatasi mikato miwili midogo, ukikunje ndani kile kilimi kinachobaki katikati. Kisha kunja pembe kwa mshazari, halafu pande ndefu, na gundi au utepe ushike karatasi kwa karatasi tu. Usiibandike kwenye daftari lenyewe, ili jalada likichakaa ulivue na kuweka jingine. Mwache mtoto akunje angalau moja peke yake, hata likipinda. Daftari hilo hatalipoteza.

Viatu na sare

Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo pima alasiri au jioni. Asimame, si akae, juu ya karatasi iliyosukumwa mpaka ukutani, kisigino kiguse ukuta, soksi za shule ziwe mguuni. Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa mara nyingi mmoja ni mkubwa, na ufuate huo mkubwa. Ongeza sentimita moja hadi moja na nusu. Nenda na karatasi hiyo kununua viatu, na kama mtoto yupo avijaribu akitembea. Zaidi ya hapo usizidishe. Najua tunatamani kiatu kimkute mwakani, lakini kiatu kikubwa mno humkwaruza kisigino na kumwangusha anapokimbia. Avivae ndani ya nyumba kila siku kidogo, ili siku ya kwanza visimchubue.

Kwenye sare ndipo pa kununua kwa ajili ya mwakani. Acha upindo mrefu kwenye sketi na suruali, uufungue kadiri anavyorefuka. Nguo mpya ifue kabla ya kuvaliwa. Pamba hurudi, na lebo ya shingoni inayomkera ikate mapema.

Macho, masikio, dawa

Mtoto anayekunja macho kutazama mbali, anayesogeza kitabu hadi puani, au anayeongeza sauti ya televisheni kila mara, apelekwe kupimwa sasa. Nimeona watoto wakiitwa wazito kumbe ubao hawauoni. Kama ana pumu, mzio au dawa ya kila siku, mwandikie mwalimu: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, dalili zipi za hatari, na apigiwe nani. Mtoto mdogo hawezi kubeba ujumbe huo kichwani.

Siku chache za mwisho

Tembeeni njia ya shule kwa saa ileile atakayokwenda nayo, maana barabara ya asubuhi si barabara ya mchana. Mwonyeshe mahali pa kuvukia na mahali hasa pa kukusubiri ukichelewa. Akikuambia anaogopa, usimkatize kwa “usiogope.” Muulize anaogopa nini, kisha mpe mambo yaliyo wazi: nani atampeleka, ataachwa mlango gani, nani atamchukua, baada ya nini. Usiku wa mwisho apange begi yeye mwenyewe, wewe ukisoma orodha na yeye akitia. Aliyelipanga ndiye atakayejua kifutio kiko mfuko gani.

Mlangoni, aga kwa ufupi na umwambie utarudi saa ngapi. Usimtoroke akiwa amegeuka. Atakayetorokwa leo hatakuachia mkono kesho. Akilia, mwachie mwalimu. Wengi hutulia dakika chache baada ya mzazi kuondoka, na hawatulii akiwa anachungulia dirishani.

Jioni, badala ya “shule ilikuwaje?”, muulize alikaa karibu na nani, alicheza na nani, nani alimsaidia. Atachoka na atakuwa na hasira za haraka wiki hiyo. Mlishe, mlaze mapema, usimwongezee shughuli. Lakini kama wiki mbili au tatu zimepita na bado kila asubuhi tumbo linamuuma, analia, au anabana haja mpaka afike nyumbani, njoo tuzungumze. Omba dakika chache za mwalimu mtoto asipokuwepo, uliza kuhusu choo, kuhusu anayekaa naye, kuhusu saa ya mapumziko, na umwambie mwalimu kile unachokiona nyumbani, kwa sababu hicho sisi hatukioni.