Kabla Hujamwonyesha Mwenzako Msimbo wa Ukurasa Wako

Ukurasa wako wa kwanza wa wavuti unafunguka, rangi zimekaa, na sasa unataka mwenzako aupitie msimbo wa HTML, lugha inayoujenga. Ngoja kidogo. Macho yake umeyaazima tu. Ukimpa kazi ya kusaka tagi (alama za HTML zinazofungua na kufunga kila sehemu) ulizosahau kuzifunga, atachoka kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Makosa ya aina hiyo yaachie programu ya ukaguzi ya bure iliyo mtandaoni ya W3C, shirika la viwango vya wavuti. Bandika msimbo, kisha anza na kosa la kwanza, kwa maana mara nyingi yanayofuata yamezaliwa na hilo.

Halafu zihesabu div zako. Div, tagi ya kukusanya vitu pamoja, si kosa, ila ni sanduku lisiloandikwa kilichomo. Tangu toleo la HTML5 lilipoidhinishwa rasmi mwaka 2014, masanduku yenye majina yapo: viungo vikuu vya tovuti vikae ndani ya nav, kiini cha ukurasa ndani ya main (moja inatosha), na habari inayoweza kung'olewa ikasomeka peke yake iwe article. Sanduku la kupangia muonekano tu liache libaki div. Wapo wanaozigeuza zote kuwa section, sanduku la sehemu yenye mada yake, wakadhani wamemaliza.

Linaloniudhi zaidi ni kitufe bandia, yaani div iliyopakwa rangi, ikaandikwa "Tuma" na kuwekewa onclick, yaani amri ya kutekelezwa inapobonyezwa. Nimeziandika sana hizo, na kwa kipanya zilikubali bila shida. Sasa weka kipanya kando, ushuke ukurasa mzima kwa Tab. "Tuma" itarukwa kana kwamba haipo, na asiyeona, anayetegemea kisoma skrini, atasikia neno tu bila kuambiwa kwamba linabonyezwa. Ibadilishe iwe button: papo hapo Tab inasimama juu yake, na Enter inaitikiwa.

Vichwa vya sehemu (tagi za h1 hadi h6) usivichague kwa ukubwa wa herufi. Hiyo ni kazi ya CSS, lugha ya kupanga muonekano. Baada ya h2 inakuja h3, hata kama h4 inakupendeza. Picha yenye ujumbe ielezwe kwenye alt, nafasi ya maelezo yake ya maandishi. Ya pambo tu iwe na alt tupu, lakini iwepo. Tazama pia mstari wa pili wa faili: violezo vingi huja na lang="en", yaani lugha ni Kiingereza, na Kiswahili chako kitasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Weka "sw".

Lililobaki ni swali lako. Ukisema "naomba maoni" utajibiwa "safi sana", basi. Uliza kitu kinachoshikika: "Hapa nimeweka section, wewe ungeweka article?" Au zima CSS yote, mpe ukurasa ukiwa mtupu, akueleze kila sehemu ni ya nini. Wewe nyamaza. Akisita mahali, usianze kujitetea. Andika namba ya mstari wa msimbo wa mahali hapo.