SOMO: Samaki anazidi kudhoofika na huoni ugonjwa? Anzia hapa kabla hujamwaga dawa

Wakuu, swali ni lile lile kila mara: "Samaki wangu hali, amejikunyata kwenye kona, hana kidoa wala kidonda, nimpe dawa gani?" Nikiomba vipimo vya maji naambiwa maji ni masafi, yanang'aa. Nimechoka kuandika jibu moja kwa watu tofauti, kwa hiyo naliweka lote hapa. Ukiwa na swali, njoo na namba zako. Somo hili ni la samaki wa maji baridi wanaofugwa kwenye tangi la kioo nyumbani. Wa maji chumvi wana habari zao.

Hatua ya 1. Acha kumlisha kwa siku mbili. Samaki mkubwa hafi kwa siku mbili bila chakula, ila chakula kinachooza chini ya changarawe kinaweza kumuua.

Hatua ya 2. Ongeza hewa. Washa pampu, au inua mdomo wa filta mpaka uso wa maji upate mawimbi.

Hatua ya 3. Soma kipimajoto. Usipime kwa kugusa kioo. Hita huweza kukwama ikiwa imewaka au imezima, na taa yake isikuambie lolote. Maji yenye joto la nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5, na wakati huohuo mwili wa samaki unadai hewa zaidi.

Hatua ya 4. Kaa umtazame. Si kuchungulia ukiwa unapita, chukua kiti. Tazama mashavu (matamvua anayopumulia): yanapiga haraka kuliko ya wenzake? Yote mawili yanafunguka, au moja limebana? Mapezi ameyatandaza au ameyalaza mwilini? Anajikuna kwenye mawe? Mtupie punje moja ya chakula tu. Asiyeigeukia kabisa ana shida moja, na anayeikimbilia, akaitia mdomoni, kisha akaitema, ana shida nyingine. Huyo wa pili njaa anayo, tatizo liko mdomoni, kooni au tumboni. Tazama kinyesi: cheupe, chembamba, kinachoburuzika kama uzi, hutokea tumbo likiwa tupu kwa siku kadhaa au likiwa na vimelea. Kisha msimamie kwa juu. Magamba yakiwa yamesimama, maji yamejaa mwilini na figo zimeelemewa, na hilo ukitazama kwa ubavu linakupita kirahisi.

Rudia alfajiri kabla hujawasha taa. Usiku mimea ya majini nayo hutumia oksijeni badala ya kuitoa, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya dhiki. Samaki anayetweta alfajiri na kutulia mchana anakulalamikia hewa. Ukiwa na tochi, imulike kwa mshazari ubavuni mwake: vumbi la rangi ya dhahabu ni kimelea ambacho mwanga wa kawaida hauonyeshi.

Hatua ya 5. Pima maji: amonia, nitriti, nitrati na pH (kipimo cha utindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi). Vipimo vya matone ni bora kuliko vijikaratasi. Amonia na nitriti zinatakiwa ziwe 0. Sikusema "kidogo tu". Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake muda wote. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi sita kujenga makundi hayo. Ukinunua tangi leo na samaki leo, ugonjwa usioeleweka umeshaeleweka.

Pima na maji ya bombani pia, wengi huiruka hii. Yapime yakiwa yametoka sasa hivi, kisha uyaache kwenye glasi hadi kesho uyapime tena, maana gesi iliyoyeyuka ndani yake inaweza kushusha pH kwa muda. Namba ya kesho ndiyo ya kweli.

Hatua ya 6. Kubadilisha maji. SOMA YOTE.

Ushauri utakaoukuta kila mahali ni "badilisha nusu ya maji haraka". Kwa tangi jipya lenye amonia, ni sawa. Kwa tangi la zamani ambalo halijaguswa kwa miezi, ushauri huohuo unaua. Bakteria wanapofanya kazi hutengeneza tindikali, na hiyo hula kaboneti iliyomo majini, yaani madini yanayozuia pH isishuke. Kaboneti ikiisha, pH huporomoka. Ikikaribia 6, bakteria wenyewe hulegea na amonia huanza kulundikana. Samaki hafi papo hapo, kwa sababu kwenye pH ya chini karibu amonia yote huwa amoniamu, ambayo haina ukali huo. Anadhoofika polepole, haachi kuishi, haponi. Ndiyo ile "sijui ana nini".

Sasa wewe unamhurumia na kumimina ndoo nne za maji mapya yenye pH ya 7.5 au 8. Kila pH inapopanda kwa namba moja, sehemu ya amonia yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7 sehemu hiyo haifiki asilimia 1; ikiwa 8 inapita asilimia 5. Amonia iliyokuwa imelala inaamka yote kwa pamoja. Asubuhi unakuta maiti na unailaumu klorini.

Kwa hiyo:

- Linganisha pH ya tangi na ya bomba KABLA ya kugusa ndoo.
- Zikitofautiana kwa nusu au chini, badilisha hadi nusu ya maji bila wasiwasi.
- Tangi likiwa chini kwa namba nzima au zaidi, badilisha sehemu moja ya kumi tu, kila siku au kila baada ya siku moja, huku ukipima. Itachukua wiki mbili au zaidi. Vumilia.
- USIWEKE kemikali ya kupandisha pH. Ni kosa lilelile ndani ya chupa.
- Toa klorini. Kuyaacha maji wazi siku nzima huondoa klorini, ila HAKUONDOI kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia). Usipojua bomba lako lina ipi, tumia dawa ya kutoa klorini kila mara, na hakikisha lebo inataja zote mbili.
- Joto la maji mapya lisipishane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi mbili.

Hatua ya 7. Sponji ya filta isuuzwe kwenye maji uliyoyatoa tangini. Usiisuuze bombani, na usiibadilishe wiki hiyohiyo unayobadilisha maji.

Hatua ya 8. Dawa huja hapa, tena iwe moja, kwa dalili uliyoiona. Kuchanganya tatu "ili mojawapo ifanye kazi" ni kumpiga mgonjwa. Antibiotiki nyingine huua na bakteria wa filta, kwa hiyo mtibu kwenye chombo cha pembeni ukiweza. Dawa ya shaba usiiweke penye konokono au kamba wadogo, itawamaliza.

Mengi huishia hatua ya 6. Maswali karibuni.

---

Mjukuu_wa_Bibi: Mkuu asante kwa somo. Samaki wangu amelala chini siku ya tatu hali, nimpe dawa gani?

Mtoa somo: Vipimo?

Mjukuu_wa_Bibi: Maji ni masafi mkuu, nimebadilisha yote jana.

Mtoa somo: Amonia haina rangi. Hatua ya 5, halafu rudi.

Dada_Mapezi: Shikamoo mwalimu. Nimepima: amonia 0, nitriti 1, nitrati 10, pH 7.6, bomba 7.8. Tangi lina wiki tano. Anatweta juu ingawa pampu inafanya kazi. Kama hewa ipo, anakosa nini?

Mtoa somo: Marahaba dada, hivi ndivyo swali linavyoulizwa. Hewa ipo majini, ila damu yake haiwezi kuibeba. Nitriti ikiingia kwenye damu huharibu ile sehemu inayoshika oksijeni, na damu hugeuka rangi ya udongo. Akifungua shavu unaweza kuona hudhurungi badala ya nyekundu. pH zako zimekaribiana, kwa hiyo badilisha nusu leo, na tena kesho. Pia weka chumvi tupu gramu 1 kwa kila lita. Nitriti hupita mlango uleule wa mashavu unaopitisha kloridi, na kloridi ya chumvi inajaza mlango. Iyeyushe pembeni kwanza, uimimine kwa awamu.

Dada_Mapezi: Nina kambare wadogo wa chini, nasikia hawataki chumvi?

Mtoa somo: Wanaivumilia kidogo kuliko wengine, lakini kiwango hiki ni kidogo. Anza na nusu yake uwaangalie. Chumvi haipotei hewani, inatoka kwa kubadilisha maji tu, kwa hiyo usiongeze kila siku.

Fundi_Bomba: Naona unatisha watu bure. Mimi nabadilisha maji yote kila Jumapili miaka yote, hawafi.

Mtoa somo: Na hawatakufa kwa hili. Ukibadilisha kila wiki, maji yako hayapati muda wa kutofautiana na ya bomba. Nimeandika "tangi ambalo halijaguswa kwa miezi". Ipo kwenye sentensi ya tatu ya hatua ya 6.

Fundi_Bomba: Sawa mkuu, usikasirike.

Mtoa somo: Sijakasirika. Soma tu.

Kimya_Kingi: Wangu namba zote ziko sawa, nimepima mara tatu. Anakula, lakini tumbo limeingia ndani na mgongo umeanza kupinda. Mwenzake alikufa hivyohivyo miezi iliyopita.

Mtoa somo: Pole sana. Akikonda huku anakula, kuna mambo mawili makubwa. La kwanza ni minyoo au vimelea vya tumbo: chungulia tundu la haja, kama kuna nyuzi nyekundu zinatokeza akiwa ametulia, ni minyoo, na dawa ya minyoo iitwayo levamisole huiondoa. La pili ni kifua kikuu cha samaki, na mgongo kupinda kunanielekeza huko, hasa ukisema ni wa pili. Hakuna kipimo cha nyumbani. Anayeweza kuthibitisha ni daktari wa wanyama mwenye maabara. Tiba yake haina matumaini. Zingatia hili: bakteria wake huweza kuingia kwa binadamu kupitia kidonda mkononi. Vaa glavu, usinyonye mpira wa maji kwa mdomo, na ukipata uvimbe usiopona kwenye kidole mwambie daktari wako kwamba unafuga samaki, maana hilo halimjii akilini haraka.

Kimya_Kingi: Asante. Ikifika mahali pa kumpumzisha, nifanyeje? Sitaki kumwaga chooni.

Mtoa somo: Wala usimgandishe akiwa hai. Tumia mafuta ya karafuu. Mweke kwenye chombo chenye maji ya tangi lake. Tikisa mafuta kidogo na maji ya vuguvugu kwenye chupa mpaka yawe meupe kama maziwa, umimine polepole, atalala. Akishalala ongeza, jumla ifike kama nusu mililita kwa lita. Mashavu yakisimama mwache humohumo nusu saa, maana huweza kuzinduka ukimtoa mapema.

Mzee_wa_Beta: Beta wangu ana miaka mitatu, amefifia rangi na analala sana. Huwa anavuta hewa juu pia. Amonia 0, nitriti 0, nitrati 15.

Mtoa somo: Kuvuta hewa juu ni maumbile yake, ana kiungo cha kupumulia hewa kama sisi. Usingizi na rangi: miaka mitatu kwa beta ni uzee. Punguza nguvu ya mkondo wa filta, mwekee jani pana karibu na uso wa maji alalie, mlishe kidogo kidogo. Usimpe dawa ya uzee.

Zuhura_T: Nami niongeze jambo. Wangu walikuwa wanazubaa kila jioni, vipimo vyote sawa. Kumbe ni dawa ya mbu tunayopuliza sebuleni.

Mtoa somo: Shukrani, hii niliisahau. Dawa nyingi za mbu zina viambato vikali mno kwa samaki, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja majini. Puliza vyumba vingine, au funika tangi na uzime pampu mpaka chumba kipate hewa safi. Manukato na losheni mikononi vilevile.

Mjukuu_wa_Bibi: Nimerudi. Amonia 2, nitriti 0, pH 6.0. Bomba 7.6 baada ya kulaza. Ila nilikuambia nilibadilisha maji yote jana, kwa nini pH iko chini?

Mtoa somo: Swali zuri. Ulibadilisha yote kweli, au ulitoa yanayofikiwa na jagi?

Mjukuu_wa_Bibi: Jagi tatu.

Mtoa somo: Basi kubadilisha jagi tatu tu ndiko kumemwokoa. Sehemu moja ya kumi kwa siku, usilishe, pima kila jioni. Changarawe ifyonze robo moja kila mara, usiivuruge yote, kuna uchafu wa miezi humo. Na ndoo unayotumia iwe ya samaki peke yao, iandike kwa kalamu ya wino mzito, maana iliyowahi kukaa sabuni haifai hata ukiisuuza.

Dada_Mapezi: Nitriti imeshuka hadi 0.25, ameacha kutweta. Chumvi niiache?

Mtoa somo: Iache majini mpaka nitriti isome 0 wiki nzima.