Kumchagulia chakula farasi mwepesi wa kushtuka na mwenye ngozi dhaifu katika pwani ya kusini

Farasi ni wachache mno katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na uchache huo una historia yake. David Livingstone alipoteremka Mikindani mwaka 1866 alikuja na ngamia, nyati wa India, nyumbu na punda, akitaka pamoja na mambo mengine kuona kama wangestahimili mbung'o wa bonde la Ruvuma. Wengi wa wanyama hao walidhoofu na kufa njiani, kwa maradhi na kwa kutendwa vibaya na waliowaswaga. Anayefuga farasi huku leo hurithi tatizo jingine lililozaliwa na uchache huohuo, nalo ni kwamba duka la pembejeo kwa kawaida huuza chakula cha kuku, cha ng'ombe na cha nguruwe, wala halina mfuko uliotengenezwa kwa ajili ya farasi. Kwa hiyo mwenye farasi huchanganya mwenyewe, na akichanganya kwa mazoea ya kulisha ng'ombe, farasi aliye na wahaka huzidi kuruka na yule mwenye ngozi dhaifu huzidi kujikuna. Ushauri wangu wote katika maelezo haya umejengwa juu ya jambo moja: anza kwa kuondoa, kisha ndipo uongeze.

Farasi hacheui. Tumbo lake ni dogo kwa kulinganisha na mwili wake, na linatoa asidi mchana na usiku hata likiwa tupu. Kazi kubwa ya kusaga nyuzinyuzi hufanywa na vijidudu katika utumbo mpana, mwishoni mwa safari ya chakula. Wanga ukiwa mwingi kupita uwezo wa utumbo mwembamba huvuka hadi huko nyuma, huchachuka upesi, na matokeo yake ni msokoto wa tumbo, uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato, na mara nyingi mnyama asiyetulia mkononi. Vilevile farasi aliyefungiwa saa nyingi bila majani mdomoni huunguzwa na asidi yake mwenyewe, naye huonyesha maumivu hayo kwa kuuma, kupiga teke na kukataa tandiko, mambo ambayo mwenyewe huyaita ukorofi. Kabla ya kubadilisha chochote horini, jiulize kwa uaminifu farasi huyo anafanya kazi kiasi gani na anatoka bandani mara ngapi, kwa sababu hakuna chakula kitakachomtuliza mnyama mwenye nguvu anayesimama siku nzima katika chumba cha hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kujua uzito, kwa kuwa vipimo vyote hutokana nao. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 170 na urefu wa sentimita 155 atakuwa na kilo 377 hivi. Huyo anahitaji majani yenye kilo 5.7 hadi 7.5 za uzito mkavu, bila kuhesabu maji, kila siku, yaani kati ya asilimia 1.5 na 2 ya uzito wake. Kwa majani makavu ya akiba hizo ni kilo 6 hadi 8 na kidogo. Kwa majani mabichi, ambayo sehemu kubwa ni maji, ni kilo 23 hadi 30, mzigo ambao wengi hudhani ni chakula cha wanyama wawili.

Majani hayo ndiyo chakula chenyewe, na mengine yote ni nyongeza. Ukoka ni mzuri sana, na majani ya aina ya Rhodes yakipatikana ni mazuri pia, mradi yakatwe yanapoanza kuchanua, kabla mabua hayajakomaa na kuwa kama kuni. Mabingobingo hufaa yakiwa machanga na yakichanganywa na majani mengine, lakini yana oksalati inayofunga madini ya kalsiamu, hivyo yasiwe chakula pekee mwaka mzima. Farasi mwenye wahaka apewe majani kwanza na punje baadaye, na kabla ya kupandwa apewe konzi mbili tatu za majani ili asidi isirukeruke ndani ya tumbo tupu.

Sasa tuje kwenye kuondoa, ambako ndiko kwenye kazi. Cha kwanza ni makopa. Muhogo mkavu ni rahisi kupatikana kuliko punje yoyote katika vijiji vyetu, na farasi huula kwa uroho, lakini karibu wote ni wanga, na muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri una sumu ya sianidi. Cha pili ni mahindi. Wataalamu wengi wa lishe hushauri kwamba farasi wa namna hii asipate zaidi ya gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya mwili wake katika mlo mmoja. Kwa yule farasi wetu wa kilo 377, na kwa kuwa karibu asilimia 70 ya punje ya mahindi ni wanga, kiasi hicho ni nusu kilo na kidogo tu. Debe dogo analopimia mtunza farasi hubeba zaidi ya hapo bila yeye kujua. Kwa farasi anayeshtuka kwa upepo wa kusi ukipeperusha khanga iliyoanikwa, mimi huyaondoa mahindi kabisa. Yapo pia mashaka ya ukungu: mahindi yaliyoota kuvu huweza kuwa na sumukuvu iitwayo fumonisini, ambayo kwa farasi huharibu ubongo na kuua, hata pale ambapo ng'ombe aliyelishwa mahindi yaleyale haonyeshi dalili.

Pumba za mahindi zina tatizo la namna mbili. Zile za kukobolea sembe hubaki na wanga mwingi, na zote zina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kinyume cha farasi anavyohitaji. Akizila kwa miezi mingi bila marekebisho, mwili hunyonya kalsiamu kutoka katika mifupa yake, na mifupa ya uso huvimba. Ukilazimika kuzitumia, weka gramu 25 hivi za chokaa ya lishe ya mifugo kwa kila kilo ya pumba. Isiwe chokaa ya kupakia kuta, ambayo huunguza.

Chakula cha kuku kisikaribie banda. Vyakula vingi vya kuku wa nyama hutiwa dawa za kuzuia koksidia (vijidudu vinavyoharisha kuku), kama monensini na salinomisini, ambazo kuku huzistahimili, lakini kiasi kidogo tu huharibu moyo wa farasi. Hata mashine iliyosaga chakula cha kuku asubuhi inaweza kuacha mabaki yanayotosha kudhuru jioni. Mwulize mwenye mashine kabla ya kumpa mzigo wako.

Kisha kuna lusina, na hapa ndipo wafugaji wema wanapomkosea farasi bila kujua. Majani ya lusina husifiwa, kwa haki, kuwa yanawanenepesha mbuzi, na jirani mwenye mti huo atakuletea kapu zima kwa upendo. Ndani yake mna mimosini, kitu ambacho vijidudu vilivyo tumboni mwa mbuzi huweza kukivunja kabla hakijaleta madhara, lakini farasi hana tumbo la namna hiyo. Yeye hunyonyoka singa za shingo na za mkia, na kwato huota kwa makunyanzi. Mtu akiniambia farasi wake ananyonyoka bila kujikuna, swali langu la kwanza ni kama kuna lusina karibu. Mabua machanga ya mtama nayo yaachwe, kwa ajili ya sianidi na kwa kuwa kuyala kwa muda mrefu hudhoofisha miguu ya nyuma na kibofu cha farasi.

Baada ya kuondoa hayo, huenda ukaona kwamba farasi aliye kwenye kazi nyepesi hahitaji zaidi ya majani, chumvi, madini na maji. Akikonda, au akifanya kazi zaidi, pwani yetu ina nyongeza moja ambayo wafugaji wa nchi nyingi huitafuta kwa fedha: mashudu ya nazi. Yana wanga kidogo sana, nyuzinyuzi nzuri na mafuta, kwa hiyo hutoa nguvu polepole bila kumpandisha mnyama mori. Hulowekwa kwanza hadi yavimbe. Asiyepata mashudu ya kiwandani hutumia machicha yanayobaki baada ya kukamua tui, na machicha ni chakula kizuri, isipokuwa hayana subira: yakilala usiku mmoja katika joto letu huchacha, na yakihifadhiwa mabichi huota kuvu. Yaanikwe siku ileile yakiwa yametandazwa wembamba, na farasi aanze na konzi moja tu. Mashudu ya ufuta, ambayo Lindi haina uhaba nayo baada ya mavuno, yana protini yenye methionini inayojenga nywele na kwato, lakini gramu 200 au 300 kwa siku zinatosha. Mashudu ya karanga nayachukulia kwa tahadhari kubwa kwa sababu ya sumukuvu. Yakiwa na harufu ya chumba kilichofungwa, yasinunuliwe.

Mafuta ya kula huongeza nguvu bila wanga, na nusu kikombe kwa siku, kikifikiwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, hung'arisha manyoya. Hata hivyo alizeti na ufuta vina mafuta ya omega 6 zaidi, ilhali ngozi inayowaka hunufaika zaidi na omega 3, na chanzo cha omega 3 kilicho karibu nasi ni majani mabichi. Majani hayo yakikauka hupoteza sehemu ya mafuta hayo pamoja na vitamini E, na ndiyo maana ngozi nyingi huchakaa miezi ya ukame. Chumvi iwe gramu 20 hivi kila siku kwa farasi wa ukubwa tuliousema, na zaidi siku za jasho. Chumvi ya mawe ya pwani inafaa ikisagwa. Maji ya kisima yakiwa na chumvi kali, farasi hunywa kidogo kuliko anavyohitaji, na anahitaji lita 25 kwa uchache.

Kuhusu ngozi, ni lazima niseme wazi kwamba mzio wa chakula kwa farasi ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Akijikuna shingoni penye singa, kwenye shina la mkia na katikati ya tumbo, na hali ikizidi msimu wa mvua, mkosaji ni usubi, ambao huuma alfajiri na jioni. Dawa yake ni kumfunga ndani saa hizo, kumfunika na kupepea hewa, wala si kubadilisha mashudu. Mabaka yanayovimba mwilini saa chache au siku moja baada ya chakula kipya ndiyo yanayoelekeza kidole horini. Sehemu nyeupe za ngozi zikiungua kwa jua na kuchubuka, shuku ini na mimea yenye sumu, na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Homa, uvimbe chini ya tumbo na kukonda ni dalili zinazotaka kipimo cha damu kwa ajili ya ugonjwa wa mbung'o.

Kisha kuna mkorosho, ambao mwongozo wowote wa kigeni hautautaja. Kuanzia Juni na Julai wakulima hupulizia salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho, na vumbi lile hutua juu ya nyasi zote zilizo chini ya miti. Majani yaliyokatwa hapo msimu huo yasiletwe kwa farasi mwenye ngozi dhaifu, wala yeye asifungwe hapo kwa ajili ya kivuli. Maganda ya korosho yana mafuta yanayobabua, kama kila aliyebangua kwa mikono anavyojua, hivyo yasitumike kama matandiko ya banda. Mabibo yaliyoanguka yana sukari nyingi na huchachuka upesi. Farasi akiachiwa shamba la mikorosho wakati wa mavuno atakula hadi tumbo limsokote.

Chakula kibadilishwe kimoja kimoja. Kipya kiingizwe kwa siku 10 hadi 14, cha zamani kikipunguzwa kwa kadiri hiyohiyo, kisha subiri wiki nne kabla ya kutoa hukumu juu ya tabia na wiki nane kabla ya kuhukumu ngozi, kwa kuwa manyoya hayaoti kwa siku moja. Andika katika daftari alichokula, saa, kazi aliyofanya, mvua na mahali alipojikuna. Bila daftari, kila mtu bandani atakuwa na maelezo yake, na yule mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Majani ya akiba yakatwe Aprili na Mei, siku ambazo jua linaonekana, yageuzwe hadi yakauke kabisa, kisha yapangwe juu ya chanja ndani ya nyumba inayopitisha hewa. Yenye vumbi yalowekwe nusu saa kabla ya kulishwa. Yenye kuvu yatupwe. Farasi mmoja wa kilo 377, akila kilo 8 kila siku kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba, atamaliza karibu tani moja na nusu, na kiasi hicho kiwe kimeshaingia ndani kabla nyasi za Mei hazijakomaa.