Namna ya kuandika wasifu wa diwani au mbunge wa zamani wa Tanzania bila kukosea

Kabla ya sentensi ya kwanza, chora jedwali la safu nne: mwaka, wadhifa, mahali, ushahidi. Safu ya mwisho ikibaki tupu, mstari huo hauingii kwenye wasifu, hata ukoo mzima uape.

Andika majina yote matatu. Tukuyu hadi Kyela wenye majina ya ukoo yanayoanza na "Mwaka-" ni wengi, na ukisema "Mzee Mwakangale" tu, msomaji atamfikiria John Mwakangale, ambaye viwanja vya Nanenane pale Mbeya vina jina lake.

Mahali ndipo wengi wanapoteleza. Diwani wa Tunduma wa mwaka 2000 alikuwa wa wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe umekuja 2016. Makete na Ludewa nazo zilikuwa Iringa hadi Njombe ilipopewa mkoa wake 2012. Taja mkoa wa wakati ule kwanza, wa sasa ufuate kwenye mabano.

Kisha miaka. Tangu 1965 uchaguzi mkuu ni kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo ukiambiwa mtu aliingia bungeni 1983, uliza: uchaguzi mdogo, au aliteuliwa? "Diwani" wa kijijini mwaka 1976 naye mtilie shaka. Halmashauri za wilaya zilivunjwa 1972, zikarudi 1984. Huenda alikuwa mwenyekiti wa kijiji au kiongozi wa chama kwenye kata; nyumbani vyeo vyote hivyo huitwa udiwani.

Wazee usiwaulize mwaka, waulize alama. Enzi za chama kimoja wagombea ubunge walipewa jembe au nyumba, na mzee wa Isimani aliyesahau tarehe bado anajua nani alikuwa jembe. Ukishapata jina la aliyekuwa jembe na la aliyekuwa nyumba, linganisha na Gazeti la Serikali na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Kwa diwani, omba mihutasari ya vikao vya halmashauri.

Vyeo visichanganywe: mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, mwenyekiti wa halmashauri huchaguliwa na madiwani, mwenyekiti wa chama wa wilaya ni wa chama. Hata Marekani mtego upo. "Seneta wa Illinois" kwa Barack Obama ni kazi mbili: bunge la jimbo kule Springfield, 1997 hadi 2004, halafu Seneti ya taifa Washington kuanzia 2005.

Rasimu ikikamilika, msomee mpinzani aliyeshindana na mhusika, akiwa bado hai. Familia itasahihisha sifa. Yeye atasahihisha kura.