Kubuni mfumo wa programu kwa kufuata mtiririko wa data: XML na huduma za wavuti

Anayebuni mfumo kwa njia hii haanzi na skrini wala kanzidata, bali huanza kwa kuuliza taarifa inazaliwa wapi, inapita kwa nani na inaishia wapi. Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu Hombolo, Dodoma: uzito unasomwa kwenye mizani, karani anaandika stakabadhi, mhasibu anakokotoa malipo, na kiwanda kinajulishwa mzigo unaokuja. Chora kila kazi kama duara, kila hifadhi kama mistari miwili sambamba, na kila safari ya taarifa kama mshale wenye jina. Mshale ukikosa jina, bado hujaielewa kazi. Rudi kwa karani umuulize.

Kila mshale unaotoka programu moja kwenda nyingine uandikiwe ujumbe wake wa XML, yaani maandishi ambamo kila taarifa imezungushiwa alama zenye jina lake:

<stakabadhi namba="HMB-0412"><mkulima>M-207</mkulima><uzito kipimo="kg">86.5</uzito></stakabadhi>

Kisha andika skima ya XSD, yaani faili la kanuni za muundo wa ujumbe, inayolazimisha uzito uwe desimali inayozidi sifuri na kipimo kisikosekane. Skima ni mkataba wa pande mbili, kwa hiyo ikubaliwe kabla ya mtu yeyote kuandika msimbo. XML, iliyopitishwa mwaka 1998 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ni nzito kuliko JSON, muundo mwingine wa kuandika data, lakini panapohusika fedha za wakulima naona ukali wa skima unaufidia uzito huo.

Sasa geuza kila duara linalopokea ujumbe kuwa huduma ya wavuti, yaani programu inayopokea na kujibu ujumbe wa programu nyingine kupitia mtandao. Ukitumia SOAP, utaratibu wa kufungasha ujumbe wa XML unaotumwa kwa huduma, shughuli za huduma hiyo zielezwe kwa WSDL, hati ya XML inayoonyesha huduma inafanya nini na inapokea ujumbe gani.

Panapotaka uangalifu mkubwa ni pale mtandao unapokatika kabla jibu halijarudi. Programu ya karani itatuma tena, na huduma isiyo na kinga itamlipa mkulima mara mbili kwa kreti zilezile. Kwa sababu hiyo namba ya stakabadhi itolewe mizanini, kwani seva ikiitoa yenyewe, ujumbe uliorudiwa utapata namba mpya na kuonekana mzigo mwingine. Huduma ya malipo ihifadhi namba ilizokwisha kupokea, na ikiletewa tena namba ileile irudishe jibu la awali bila kulipa upya. Namba ikijirudia na uzito tofauti, ujumbe ukataliwe na mhasibu aarifiwe, maana hapo kuna kosa ambalo mashine haipaswi kuliamua.

Kabla ya msimu wa mavuno, chomoa waya wa mtandao katikati ya utumaji, uurudishe, kisha uhesabu malipo yaliyoingia kwenye kanzidata.